Muwa wa Kisutu

Nasra, mwanangu,

Salamu sikuandikii, nyumba ni moja. Wewe uko upande wa pili wa ukuta na begi lako la zambarau, mimi nimekaa kitandani na kalamu. Mambo ya koti, ya mswaki, ya kutochezea simu kwenye treni, Bibi keshakuambia, na kesho atakuambia tena pale mlangoni mpaka mama yako aseme, "Mama, basi, tutachelewa." Mimi sina maagizo. Nina jibu ambalo sijakupa.

Uliniuliza siku ile ile ya sikukuu, bafuni, maji yanatiririka mikononi mwangu na wewe umesimama kwenye kizingiti. Uliuliza kwa Kiingereza chako cha haraka: "Mamdogo, mbona ulikuwa unacheka?" Nikafunga bomba, nikachukua taulo, nikapita. Toka siku hiyo unanijibu kwa kichwa tu. Ndiyo, hapana. Nikikusuka unakaa, lakini shingo umeikaza kama mtu anayengoja kitu kimwangukie. Na kesho mama yako anakuja kukuchukua, mnakwenda mji ambao hata mimi sitaambiwa jina lake, kwa sababu wale waliowatafutia nyumba wamesema asiyejua hawezi kulazimishwa kusema. Wana haki. Lakini ukiondoka hivi, utaondoka ukiamini kwamba ulitolewa kwenye nyumba ya mtu anayepiga ukaletwa kwenye nyumba ya mtu mwingine anayepiga. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Si jingine.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza cha skuli kinanisaidia sana kujificha. Polisi waliponihoji nilisema maneno yaliyonyooka, sentensi baada ya sentensi. Kila moja ilikuwa kweli, na zote pamoja zilikuwa uongo. Kiswahili nilifundishwa na Bibi jikoni, na yule mwalimu wetu wa Jumamosi aliyekuwa akitusahihishia insha kwa wino wa kijani. Ndani yake bado sijajua pa kujificha. Usipoelewa neno muulize mama yako. Ina maana na yeye atasikia. Haya, na asikie.

Nimekuita mwanangu na mimi nina miaka kumi na tisa. Watu wa ofisi za ustawi wa jamii wakisikia hivyo wananitazama mara mbili. Kwetu dada akizaa, mdogo wake ni mama. Mdogo, lakini mama. Wala sikuiomba kazi hiyo, nikwambie kweli. Ulipoletwa hapa Walthamstow, mama yako yuko hospitali, taya limefungwa waya, Bibi anatoka alfajiri kwenda kusafisha maofisi ya watu, nani mwingine angekusuka? Siku ya kwanza nilikusuka vibaya, ukaenda skuli kichwa kimoja kina njia tano zisizokutana. Hukulalamika. Wakati ule nilidhani ni upole.

Sasa nikueleze kuhusu udongo, maana wewe unaujua upande wake mzuri tu.

Nilianza kwa sababu nilikuwa sisemi. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu. Sikuwa mtulivu, nilikuwa naogopa, na chini ya woga palikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akinivuta mtandio kwenye korido, na siku moja nyuma ya kituo cha basi alinipiga mdomoni kwa begi lililojaa vitabu. Jino likatingishika. Nikamwambia, "Samahani." Mimi ndiye niliyesema samahani. Nikarudi nyumbani, nikapanda kile chumba kidogo juu ya ngazi, nikatoa pakiti ya udongo wa plastiki, ule wa rangi unaofinyangwa shanga na hereni kisha ukaokwa kwenye oveni.

Unaujua udongo ule ukiwa na baridi. Unavunjika kama biskuti. Lazima uukande, uukandamize kwa kiganja, uupige mezani mpaka ukubali. Mimi nilikuwa naupa majina, Nasra. Kipande hiki ni yule msichana. Hiki ni rafiki yake aliyekuwa akicheka. Naupiga mezani mpaka vidole vinawaka, halafu nachukua ule wembe mrefu, naukata katikati, na kifua changu kinatulia. Bibi anapita na kapu la nguo, anachungulia, anasema, "Masha Allah, mtoto ana bidii." Nilipofungua kile kimeza changu cha Jumamosi sokoni, Mama Wanjiku wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Alinunua hereni za njano akavaa kwenye harusi ya binti wa kanisani kwao, akarudi kunisifu: "Kila mtu ameniuliza nimetoa wapi!" Nikatabasamu kwa haya. Moyoni nilikuwa najua alikuwa amening'iniza masikioni vipande vya yule msichana.

Ndivyo nilivyokuwa ulipokuja. Watu wakiniona waliona msichana mwenye haya anayetengeneza shanga.

Wewe ukaanza kuja chumbani kimya kimya, ukakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Mwanzo ulikuwa unatazama tu. Kisha siku moja nikatafuta pakiti nyeupe siioni, nikatafuta mpaka nikakasirika, kumbe umeikalia. Uko mezani jikoni unakula nafaka zako, udongo uko chini ya paja. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Ulikuwa unasikia baridi." Nikaushika. Ulikuwa laini kama siagi. Miaka yote nilikuwa naupiga, na hakuna aliyeniambia kwamba unaweza kuukalia.

Laiti ningejifunza siku hiyo. Sikujifunza.

Unakumbuka siku uliyoshika nyeupe na mikono yenye nyekundu? Nyekundu inachafua kila kitu, nilikuwa nimekwambia, na ile nyeupe nilikuwa nimeishughulikia tangu asubuhi. Nikakuchapa mkononi. Kofi moja, la haraka, hata sikulifikiria. Ukafumba macho, ukainua mabega mpaka masikioni, ukasema, "Samahani, samahani, samahani, samahani," bila kupumua, kisha ukaendelea kukanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Hukulia. Mtoto aliyezoea kupigwa na mtu anayempenda analia. Wewe ulikuwa umezoea kitu kingine: ulijua maneno ya kusema na kasi ya kuyasema. Nilikwenda kukaa chooni na mlango nimeufunga kwa ndani. Nilijiambia ni kofi la kulea, kila mtu anapiga, hata Bibi alitupiga. Nikayaamini hayo mpaka jioni.

Kuna jambo jingine la nyuma zaidi, ambalo mama yako halijui. Dada, ukifika hapa, nisamehe au usinisamehe, lakini soma.

Nasra, ulipokuwa mchanga, mnaishi Thornton Heath juu ya lile duka la vitambaa, mimi nilikuja kukaa kwenu likizo nimsaidie mama yako. Nilikuwa na miaka kumi. Nililala chumba chenye kitanda chako. Nikamsikia baba yako kupitia ukutani. Hakuwa akipiga kelele. Ukutani palikuwa panagonga, kimya, panagonga, na mama yako anasema kwa sauti ya chini, "Mtoto ataamka, mtoto ataamka." Nikachukua mto nikaziba masikio. Si masikio yako, masikio yangu. Wewe nilikuacha usikie.

Asubuhi baba yako alikuwa jikoni amevaa shati la kazini, anapaka mkate siagi. Akaniuliza kwa uzuri kabisa, "Umelala salama, shemeji?" Mama yako amesimama kwenye sinki ametupa mgongo.

Nikasema, "Nimelala salama. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Huyu mtoto ana adabu," akamwambia mama yako. "Umwone mdogo wako."

Shikamoo ile nimeitafuna mpaka leo. Na ungedhani mtu akishaitamka mara moja vile, hatairudia.

Sasa siku ya sikukuu. Nitaisema yote, wewe uliiona nusu kutoka chini ya meza.

Bibi alikuwa amekwenda kuswali na kupita kwa jamaa. Sisi tulibaki kwa sababu ulikuwa na mafua, na kwa sababu tulikuwa na kazi: ule muwa. Wewe ndiye uliyesema tumtengenezee mama yako hereni za kisutu, kama ile kanga yake ya harusi aliyoiacha kwetu kabatini, nyekundu na nyeusi na nyeupe. Bibi ndiye aliyeliita gogo lile la udongo wa rangi muwa, tangu alipoliona mara ya kwanza, refu na la mviringo, linakatwa vipande na kila kipande kinatoka na picha ile ile. Tulikuwa tumepanga picha yote, viboksi na vidoa na pambizo, gogo nene kama kopo la maziwa. Ulikuwa umeshalibana pamoja nami kutoka katikati kwenda nje, tunalizungusha, tunalibana, linarefuka, na picha ndani inapungua bila kuharibika. Ulikata ncha ukatazama. Ukasema, "Ni ndogo lakini yote imo." Nyekundu ilikuwa imetuganda mikononi hadi viwiko.

Ndipo mlango ukagongwa.

Nikashuka, nikatazama kwenye kitundu. Kanzu nyeupe, kofia, boksi la halua mkononi. Mnyororo ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeambiwa na Bibi, na mama yako, na wale watu wa ofisini, akija usifungue, piga simu. Nilikuwa najua.

"Hodi! Eid Mubarak, shemeji. Najua uko ndani, nakuona kivuli."

Na mdomo wangu, Nasra, mdomo wangu wenyewe, ukasema, "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Utaniacha barazani siku ya sikukuu, na halua mkononi? Majirani wanatazama. Bibi yenu amekufundisheni hivyo?"

Nikaona aibu. Ndiyo hiyo tu. Sikumwogopa wakati ule, niliona aibu. Siku ya sikukuu mtu hafukuzwi mlangoni, shemeji hafukuzwi, mtu mzima hajibiwi "hapana" na mtoto wa kike. Mkono wangu ukatoa mnyororo kwa adabu zote. Hata nilimpokea boksi.

Nilikusikia siku moja ukimwambia Bibi kwamba ungekubali kuvaa viatu mapema yasingetokea yale. Nasra. Mlango nilifungua mimi. Viatu havihusiki.

Akakaa. Akala kipande cha halua yake mwenyewe. Akatazama hereni za sokoni nilizozipanga hapo sebuleni, akanyanyua moja kwa ncha za vidole. "Ndo kazi hii? Watu wazima mnachezea udongo kama chekechea?" Nikacheka kidogo, kicheko cha kumpendeza mgeni. Halafu akaita, "Nasra! Njoo umwamkie baba." Hukushuka. Akaita tena. Akaweka boksi chini, akapanda ngazi bila haraka, na mimi nyuma yake nasema, "Shemeji, ana mafua, shemeji, ngoja Bibi arudi," sauti ndogo kama ya mtu anayeomba kwenda chooni darasani.

"Vaa viatu, twende."

Ukasema hapana. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukusikia ukimwambia mtu mzima hapana, na ulikuwa na miaka tisa, na mimi sijawahi.

Alifagia meza kwa mkono mmoja. Rangi, trei, hereni, vyote chini. Akauchukua muwa akautupa ukutani, nikausikia ulivyopiga, sauti ya nyama. Ulikuwa umekumbatia mguu wa meza. Akakushika nywele, zile njia nilizosuka mimi, akavuta, na meza ikaja pamoja nawe. Ulipiga ukelele ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwako. Wembe ulikuwa sakafuni. Nikauokota.

Nilimkata mkono ulioshika nywele zako, nyuma ya kiganja, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye vidole. Mkono ukafunguka mweupe kwanza, kisha ukajaa damu. Akakuachia, ukaingia chini ya meza. Hapo, mwanangu, ndipo yalipoishia niliyowaambia polisi. Msichana alimtetea mtoto. Na ni kweli, mkato ule wa kwanza ulikuwa wako. Ningeukata tena kesho.

Lakini yeye alikuwa amekwisha. Alikaa chini pale juu ya ngazi, ameushika mkono kifuani, kanzu inageuka rangi, na uso wake umekuwa wa mtoto. Akasema, "Basi, shemeji. Basi, basi." Alisema haraka, bila kupumua. Nililijua neno lile lilivyosemwa. Wewe ulisema samahani hivyo hivyo, mezani kwangu.

Na sikuacha. Nilikuwa nimeutupa wembe. Nikaitwaa mashine ya tambi, ile ya chuma, nzito, tunayotandazia udongo. Nikampiga nayo. Begani, kisha mdomoni. Nilisikia meno. Akaanguka ubavu kwenye ngazi, nikashuka naye ngazi moja moja, nampiga. Sikuwa nakutetea. Wewe ulikuwa chini ya meza, salama. Nilikuwa nampiga yule msichana wa korido, na ule ukuta wa Thornton Heath, na ile shikamoo, na kila kitu ambacho nimekipiga mezani miaka yote kikiwa udongo; na safari hii kilikuwa na joto na kilikuwa kikilia. Mama Wanjiku ndiye aliyeingia, mlango ulikuwa wazi, akanishika kwa nyuma akaninyanyua kabisa miguu ikaning'inia.

"Wewe mtoto! Wacha! Utamuua, ufungwe bure! Tupa hiyo kitu! Tupa!"

Sikuitupa. Aliniminya vidole mpaka vikafunguka. Kwa Mama Wanjiku, anayehudumia wazee majumbani, kubeba mzee wa kilo mia ni kazi ya kila siku. Mimi alinibeba kama mfuko wa soko. Akanikalisha jikoni, akakalia kiti mbele ya mlango, na huku anapiga simu polisi ananitolea macho: "Usisonge. Hata kidogo. Na ufute hiyo sura."

Kumbe sura ilikuwa na tabasamu. Aliiona na yeye.

Nilipokwenda kunawa sikuweza kujua nyekundu ipi ni ya nini. Ya damu ilitoka kwa maji. Ya udongo ilibaki kwenye kucha siku nyingi, mpaka nilipoisugua kwa mafuta ya watoto. Na hapo bafuni ndipo uliponiuliza.

Jibu ni ndiyo. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nasikia raha, raha kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia, nilijiona mrefu, nilijiona kwa mara ya kwanza mtu ananisikiliza. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilielewa, taulo liko mkononi, kwamba sasa najua baba yako alikuwa akisikia nini upande wa pili wa ukuta. Nilidhani watu kama yeye wana kitu ambacho sisi hatuna. Hawana. Nilikigusa na kilikuwa changu, kinalingana na mkono wangu kabisa.

Nisingependa uchukue hilo ukaliogope. Nakwambia kwa sababu na wewe una damu hiyo hiyo kutoka pande mbili, na siku moja utanyanyua mkono na utasikia raha, na sitaki ushtuke ukadhani wewe ni jini. Shtuka, ndiyo. Kisha ushushe mkono. Mimi sikuushusha, nilishushiwa. Mtu akiniuliza mimi na baba yako tunatofautiana nini, kuhusu siku hiyo sina la kusema. La baada ya hapo ninalo dogo. Udongo siupi tena majina ya watu. Alhamisi nakwenda kwa yule mama wa kliniki, mshauri niliyepewa baada ya yale. Mara nyingi nakaa tu namtazama viatu, mara nyingine nasema. Wiki iliyopita nilimwambia kuhusu ule mto na masikio. Aliuliza, "Na mtoto alikuwa wapi?" Nikaondoka kabla ya muda.

Mama yako atakulea vizuri kuliko mimi. Taya lake likikaza siku za baridi, anakuwa mkali wa maneno. Si wewe, ni mfupa. Na kuna kitu kimoja nataka ukichukue kutoka kwangu, hata Bibi akikisikia atanigombeza: mtu akikutisha, usimwamkie. Awe mjomba, awe mwalimu, awe amevaa kanzu ya sikukuu na amebeba halua. Funga mdomo, funga mlango, acha waseme huna adabu. Nakuruhusu mimi mama yako mdogo. Adabu zangu zilitugharimu nywele za kisogo chako, na hazijaota zote.

Polisi walichukua wembe na hawakuurudisha. Mashine waliirudisha kwenye mfuko wa plastiki. Mpini umepinda, ukiuzungusha unalia. Mimi waliniambia kesi yangu haitakwenda mbele. Yeye mahakama imemkataza kuwasogelea. Muwa uko kwenye friji, nyuma ya chupa ya achari, umebonyea upande mmoja uliopiga ukuta. Bibi hataki kuugusa. Sijui ndani picha imekuwaje. Sijaukata, wembe mpya sijanunua, na nilisema moyoni siukati peke yangu. Toka siku ile hujaingia chumba kile hata kuchukua penseli.

Ngoja.

Nimesikia mlango wako. Umeshuka. Nilidhani maji, lakini friji imefunguka na chupa ya achari imegonga chupa nyingine. Sasa unapanda. Umepita mlango wangu, nimeona kivuli cha miguu yako chini, ukasimama kidogo, ukaendelea. Kiti cha plastiki kimeburutwa.

Unaupiga mezani.

Unaupiga, Nasra. Naijua sauti hiyo, ni yangu. Unaupiga kwa mikono miwili, kwa nguvu, na kuna kitu unakisema kila unapoupiga, sikisikii vizuri, huenda ni jina. Nimenyanyuka nimekaa tena. Nikija kukuzuia, nije na uso gani? Nikikuacha, ndiyo nimeziba masikio kwa mto mara ya pili.

Umeacha kuupiga.

Unaniita. "Mamdogo!" Sauti yako ina machozi na ina hasira, na ni mara ya kwanza tangu sikukuu. "Mamdogo, umekuwa mgumu huu. Hautaki. Njoo tuukalie."

Naja. Kalamu naiacha hapa hapa, na jibu nitakupa kwa mdomo tukiwa tumeukalia.

Mama yako mdogo,
Salha